AFYA YA FAMILIA: Karatasi ya maabara haitaji jina la mtu

Mwezi uliopita mama mmoja alitujia sisi walimu na karatasi ya maabara aliyopewa Busia. Damu yake ilionyesha malengelenge ya sehemu za siri, na mzee wake keshasema arudi kwao. Tuliisoma mara mbili. Imeandikwa IgG, na namba imepita kiwango kidogo tu. Tukamuuliza nesi mmoja wa Tororo, naye akatufafanulia.

Sasa sikieni. Kipimo hicho hakitafuti virusi vyenyewe. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwatengeneza virusi vikishaingia. Hao huchukua wiki kadhaa, pengine miezi 3 au zaidi, ndipo waonekane, halafu hukaa miaka. Kwa hiyo karatasi haijui kama virusi viliingia mwaka huu au kabla ya harusi, wala vilitoka kwa nani. Na wenye virusi wengi hawajawahi kuona hata kidonda kimoja. Baba mwenyewe anaweza kuwa navyo na hajui! (Hilo hatukumwambia usoni, tulimwomba tu naye apimwe.)

Kuna na hili: watafiti waliochunguza vipimo hivyo vya damu Rakai na Kisumu waliona kimojawapo kinasema mtu anavyo kumbe hana, hasa namba ikiwa ya chini. Namba kama ya huyu mama inataka kipimo cha pili, cha aina nyingine.

Ukiwa na lengelenge bichi, usingoje likauke. Nenda siku hiyo ama kesho yake. Mhudumu atapitisha kijiti cha pamba penye majimaji, kipelekwe kwenye mashine ya PCR, ambayo hutafuta virusi vyenyewe na kutofautisha aina ya 1 na ya 2. Kidonda kikikauka, jibu laweza kuwa hakuna, na kumbe vipo.

Mashine hiyo haipo kila zahanati. Ndiyo maana miongozo ya Uganda na Kenya inamruhusu mhudumu kutibu kwa kuangalia dalili: anatoa asaiklovia, na kaswende nayo anaishughulikia, maana vidonda hufanana. Usikasirike ukipewa dawa bila karatasi.

Yule mama na mzee wamekubali kwenda pamoja Jumanne. Watoto tutabaki nao sisi.