Mbwa Kijana na Ua wa Shamba

Nyani waingiapo katika miembe ya Makueni au mahindi ya Kitui, mbwa asiyethubutu kuruka ua hubaki akibweka upande wa nyumbani, na jasho la mkulima laliwa mbele ya macho yake. Ujasiri huo, ndugu msomaji, hufundishwa. Laza gogo njiani, livuke wewe kwanza, kisha umwite mbwa kwa sauti ya kila siku. Akilizoea, ongeza mti mmoja juu yake. Lakini kabla hajatimiza mwaka usipite kimo cha kiwiko chake, maana mifupa yake ingali ikikua. Vijana wetu hupenda kumrusha mbwa juu ya ua, ati azoee. Huo ni ukatili, na tena hauna faida, kwani aliyeangukia miiba mara moja huukwepa ua.

Jambo linalosahauliwa ni kurudi. Nyani dume ana chonge ndefu kuliko za mbwa, naye akigeuka, mbwa hana budi kukimbia. Basi kila arukapo kwenda, mwite aruke kurudi, mahali pale pale. Penye seng'enge ya miiba, au mkonge ambao ncha zake hutoboa jicho, asiruke kamwe. Mfungulie kipenyo chini, umpitishe kutoka pande zote mbili.