Kocha huyu naye apewe heshima yake



Mara kwa mara nasikia wapenda michezo wakidai kwamba mtu ambaye hakuwa nyota uwanjani hana la kumfundisha nyota. Madai hayo siyakubali hata kidogo, na mfano wangu nautoa Marekani, katika mchezo wa besiboli.

Kulikuwa na mchezaji akiitwa Charley Lau. Alikuwa mdakaji, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji. Kati ya mwaka 1956 na 1967 alihamishwa kama mzigo: Detroit, Milwaukee, Baltimore, Kansas City, Baltimore tena, mwisho Atlanta. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .255, maana yake ni kama mara 255 katika kila majaribio 1,000. Mipira aliyoipiga ikavuka ukuta ni 16 tu kwa miaka yote hiyo. Wapo wanaofikisha idadi hiyo kwa nusu msimu!

Lakini asiyejaliwa kipaji hulazimika kufikiri. Mwaka 1962 Lau alibadili jinsi ya kusimama na kushika gongo, na wastani wake ukafika .294. Basi alipokuwa kocha wa upigaji wa Kansas City Royals katika miaka ya 1970, alikaa akitazama filamu za wapigaji, akichunguza miguu, mikono na vichwa vyao. Akafundisha kwamba uzito wa mwili uanzie mguu wa nyuma uhamie wa mbele, kichwa kitulie, na mpira upelekwe popote penye nafasi, si kila mtu kutaka kuvusha ukuta.

Kijana George Brett alianza vibaya msimu wa 1974, akajikabidhi kwa Lau. Mwaka 1976 akaongoza ligi yake kwa upigaji. Mwaka 1980 akafikisha .390, ingawa wakati huo mwalimu wake alikwisha hamia New York Yankees. Brett mwenyewe hakuficha kamwe ni nani aliyemfundisha.

Sisemi kwamba nyota hawawezi kufundisha. Ted Williams, mpigaji hodari kupita kiasi, aliiongoza Washington Senators mwaka 1969 ikashinda michezo 86. Huo ni ukweli na siupingi.

Kinachoniudhi ni hiki. Brett aliingizwa katika Jumba la Mashujaa huko Cooperstown mwaka 1999. Lau, aliyefariki kwa saratani Machi 1984 akiwa na umri wa miaka 50, hayumo. Wamo wachezaji, wamo mameneja na viongozi, hata waamuzi wamo. Kocha hana mlango wake. Hivi kweli mwamuzi anastahili bamba la shaba, lakini mwalimu aliyemtengeneza bingwa hastahili? Wengine watasema Lau alilipwa mshahara wake, yakaisha. Je, Brett alicheza bure?

Nawaomba wahusika wa Cooperstown wafungue mlango wa makocha, na Lau awe wa kwanza kuingia. Kama wana sababu ya kukataa, basi waitoe hadharani.

Mpenda Michezo,
Tanga.