TUJUE TUNACHOKIBEBA



Kila mara parokia zetu zinapojiandaa kwa maandamano ya amani, swali moja hutufikia: je, ni halali kwa Mkristo kubeba lile duara lenye mstari wima na mikono miwili iliyoinama chini? Wako waamini wanaoshikilia kwamba huo ni msalaba uliovunjwa na kupinduliwa, tena ni alama ya Shetani. Vijana wamenyang'anywa kadibodi zao mlangoni pa kanisa kwa sababu hiyo. Jambo hili si dogo. Kijana aliyeitwa mfuasi wa Shetani kwa ajili ya amani harudi kwetu kwa urahisi.

Basi tuanze na ukweli. Alama hiyo ilichorwa Uingereza mwaka 1958 na msanii Gerald Holtom, mtu ambaye dhamiri yake ilimkataza kushika silaha katika Vita Kuu ya Pili. Watu walikuwa wakijiandaa kutembea kwa miguu siku nne za Pasaka, kutoka London hadi Aldermaston, mahali pa kutengenezea silaha za nyuklia, mwendo wa kilometa zipatazo 80. Holtom alizitwaa herufi N na D katika lugha ya bendera ya mabaharia, herufi za kwanza za maneno ya Kiingereza yenye maana ya kuondoa silaha za nyuklia, akazipandanisha ndani ya duara. Alieleza pia kwamba alijichora mwenyewe: mtu aliyekata tamaa, mikono ameinyosha chini, viganja wazi. Hapo hapana msalaba uliovunjwa. Pana mtu aliyevunjika moyo.

Lipo jambo linalotugusa sisi mapadre. Hapo awali Holtom alifikiri kuutia msalaba wenyewe ndani ya duara, lakini makasisi aliowaendea hawakupendezwa na wazo la kuupeleka msalaba katika maandamano. Huenda walikuwa na sababu njema. Hata hivyo tujiulize: ni mara ngapi mtu anayelilia amani amebisha mlangoni petu, tukamwacha akatafute alama kwingine, kisha tukamlaumu kwa alama aliyoipata?

Pasaka haikukosekana. Vilitengenezwa vibao 500 vya kadibodi, vikatiwa vijiti. Ijumaa Kuu na Jumamosi Kuu vilipangwa vile vyeusi na vyeupe. Dominika ya Pasaka na Jumatatu yake, vile vya kijani na vyeupe, kwa mfano wa Kanisa linalobadili rangi za Liturujia, kutoka mautini kuingia uzimani. Baadaye Eric Austin alitengeneza beji za kwanza kwa udongo mweupe. Ziligawanywa pamoja na maelezo kwamba, vita vya nyuklia vikitokea, udongo huo uliochomwa ungekuwa miongoni mwa kazi chache za mikono ya binadamu zitakazosalia.

Wala haya si mambo ya Ulaya peke yake. Desemba 1959 Waghana na wenzao wa nchi nyingine waliondoka Accra kwenda kulizuia bomu la Ufaransa katika jangwa la Sahara. Walizuiwa njiani, na tarehe 13 Februari 1960 bomu likalipuliwa katika ardhi ya Afrika. Kanisa nalo limesema. Baba Mtakatifu Yohane XXIII, katika waraka wake Pacem in Terris wa mwaka 1963, alitaka silaha hizo zipigwe marufuku; na Baba Mtakatifu Fransisko, akiwa Hiroshima mwaka 2019, alifundisha kwamba hata kuzimiliki ni kinyume cha maadili.

Kwa hiyo tunawahimiza viongozi wa walei: msizichane kadibodi za vijana, bali keti nao mzitengeneze pamoja. Boksi la dukani latosha. Zungushieni kalamu mfuniko wa sufuria, mkate duara. Pigeni mstari wima upite katikati. Kutoka katikati shusheni mistari miwili, kulia na kushoto. Pakeni rangi, fungeni ufito. Rangi za chama chochote zisiingie humo, na katika maandamano msalaba utangulie daima.

Wakati rangi ikikauka, kila mmoja ajihoji. Je, nimesogeza mpaka wa shamba la jirani? Je, mjane wa ndugu yangu amepata haki yake? Mkono uliochora amani asubuhi usimpige mke jioni. Alama si hirizi. Haimlindi anayeibeba, bali humdai. Ndiyo maana twapenda ile iliyofanywa kwa mikono kuliko iliyonunuliwa, kwa kuwa aliyeitengeneza hawezi kusema hakujua alichokibeba.

Amani ya Kristo Mfufuka ikae nanyi nyote.