WAOKOZI TUSIOWACHAGUA



Jumapili moja baada ya ibada tulisimama watu sita au saba karibu na soko la Mosocho, tukizungumza habari za kaunti kama watu wanavyozungumza habari za mgonjwa aliyekwisha kuwachosha wauguzi wake. Mzee mmoja tunayemheshimu akasema maneno ambayo wengi waliyaitikia kwa vichwa: afadhali enzi za Mkuu wa Mkoa, kaunti hizi zimetushinda, Rais azivunje, atuletee mtu mmoja mkali kutoka Nairobi anyooshe hesabu, kisha tutaona. Mimi nilinyamaza kwa heshima ya mvi zake. Nilikosea, kwa maana waliokuwa wakisikiliza ni vijana ambao hawakuziona enzi hizo, nao waliondoka wakiamini kwamba zilikuwa njema. Haya ndiyo niliyopaswa kumjibu.

Kwanza nakiri kwamba mzee hakusema upuuzi. Mama anayeuza chinsaga na ndizi hukatiwa risiti ya ada ya soko kabla hajauza fungu la kwanza, na jioni hurudi nyumbani akikanyaga tope lilelile. Mgonjwa huenda zahanati akarudi na karatasi ya kununulia dawa dukani. Mkandarasi mdogo aliyejenga darasa la chekechea kwa mkopo hungoja malipo mwaka baada ya mwaka, hadi benki inapobisha hodi. Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu kaunti za nchi hii zimejaa madeni yasiyolipwa na matumizi yasiyo na stakabadhi. Wezi wapo, nami siwatetei, wawe wa chama kipi au wa ukoo upi. Ninachouliza ni hiki: je, dawa ya mwizi uliyemchagua ni bwana usiyemchagua?

Kwetu Gusii swali hili lina umri wa miaka mia moja. Sheria ya mwaka 1924 ndiyo iliyoleta mabaraza ya wenyeji, na mwenyekiti wa baraza alikuwa Mkuu wa Wilaya, Mzungu. Wazee waliruhusiwa kusema, na kodi ilitozwa kwa jina la baraza, lakini kalamu ya mwisho haikuwa mkononi mwao. Tulipopata uhuru mwaka 1963, mabaraza ya kaunti, likiwamo la Gusii, yalikuwa na kazi za maana: shule za msingi, zahanati, barabara za mashambani. Yalikuwa na upungufu wa fedha pia, hilo halifichiki. Serikali kuu ilifanya nini? Haikuyaongezea mapato. Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria, na kuanzia tarehe 1 Januari 1970 shule, afya na barabara zikahamia wizara za Nairobi. Kodi ile ambayo wazazi wetu waliijua kwa jina la GPT nayo ikaondoka mikononi mwa mabaraza. Baraza likabakiwa na soko, machinjio, leseni za maduka, na bango juu ya mlango. Kisha kwa miaka mingi iliyofuata tukahubiriwa barazani kwamba madiwani hawafai, hawana elimu, hawawezi hata kuzoa takataka.

Wanaokwenda kanisani wanaikumbuka habari ya shamba la mizabibu la Nabothi. Yeye alitafutiwa mashahidi wa uongo kwanza, ndipo shamba likachukuliwa. Hapa kwetu utaratibu uligeuzwa: shamba lilichukuliwa kwanza, kisha Nabothi akashtakiwa kwamba hana mavuno.

Wala mchezo huo haujaisha. Mwaka 2024, Mswada wa Fedha ulipotupwa kwa nguvu za vijana waliojaa barabarani mwezi wa Juni, mgao wa kaunti zote 47 uliokuwa umewekwa kuwa shilingi bilioni 400.1 ulikatwa, na baada ya mvutano wa miezi ukatua kwenye bilioni 387.4. Hata hizo hutoka Hazina ya Taifa kwa kuchelewa, mwezi juu ya mwezi. Mishahara inapokwama huku chini, baadhi ya kosa ni la gavana na baadhi ni la huyohuyo tunayeombwa tumwite aje kutuokoa.

Tutazame sasa jinsi waokozi wa namna hiyo walivyofanya kazi walipoitwa, au walipojiita. Mwezi wa Machi 1983 Serikali ililisimamisha Baraza la Jiji la Nairobi. Sababu zilizotolewa zilikuwa zilezile za mzee wetu: madeni, wizi, uchafu, uzembe. Ilielezwa kuwa ni hatua ya muda. Ikaundwa Tume, wanachama wake wakateuliwa kutoka juu, na muda wake ukaongezwa na Bunge la chama kimoja, ukaongezwa tena, na tena, hadi uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba 1992. Karibu miaka kumi! Mtoto aliyezaliwa mwaka ambao jiji liliwekwa chini ya uangalizi alikuwa darasani, anajua kusoma na kuandika, kabla mama yake hajapata diwani wa kumlilia. Na Tume iliacha nini? Iliacha mifereji mikavu, milima ya takataka, ardhi ya umma iliyogawanywa kwa wenye majina, na madeni. Wakazi wa Nairobi hawakuwa na njia ya kumwondoa hata mmoja wa wale makamishna, kwa kuwa hawakuwa na njia ya kumweka.

Mzee wetu anasema enzi za Mkuu wa Mkoa kulikuwa na nidhamu. Kweli, ilikuwepo. Mkutano wa hadhara ulihitaji leseni ya Mkuu wa Wilaya, hadi sheria iliporekebishwa mwaka 1997 baada ya damu kumwagika. Katika uchaguzi wa mlolongo wa 1988, mistari mirefu ilitangazwa kuwa mifupi mchana kweupe, na waliosimamia mambo hayo walikuwa maafisa wa utawala huohuo wa mikoa. Makanisa yaliyapinga waziwazi, na viongozi wake wakatukanwa kwa kuyapinga. Kutoka Mosocho malalamiko yalipanda kwa naibu wa chifu, kwa chifu, kwa Afisa wa Tarafa, kwa Mkuu wa Wilaya pale Kisii, kisha Kisumu kwa Mkuu wa Mkoa. Na kila aliyepokea alikuwa mtumishi wa yule aliye juu yake, wala si wa yule aliye chini. Nidhamu hiyo ilitufaa nini?

Kwa sababu ya historia hiyo, wananchi waliopitisha Katiba ya 2010 hawakumwachia mtu mmoja rungu la kuvunja serikali ya mashinani. Wengi huisema Katiba hii bila kuisoma, kwa hiyo niruhusuni niifungue kidogo. Ibara ya 190 inairuhusu serikali ya taifa kuingilia kati pale kaunti inaposhindwa kazi zake au usimamizi wa fedha. Lakini ni lazima itoe notisi, ichukue hatua zinazohitajika tu, iisaidie kaunti kurudi kwenye kazi yake yote, na Seneti iwe na njia ya kukomesha uingiliaji huo. Ibara ya 192 inampa Rais uwezo wa kuisimamisha serikali ya kaunti, lakini si kabla tume huru haijachunguza na Seneti haijaidhinisha. Na kusimamishwa huko hakuwezi kupita siku 90, kisha uchaguzi. Siku tisini, ndugu zangu! Pimeni na ile miaka ya Nairobi. Na katika Ibara ya 225, hata kuzuia fedha za kaunti iliyokosea kuna mipaka: si zaidi ya nusu, na uamuzi hufa baada ya siku 30 usipopata idhini ya Bunge.

Sheria hii imekwisha kujaribiwa. Makueni, ambako gavana Kivutha Kibwana na Bunge la Kaunti walipigania bajeti hadi risasi zikalia mwaka 2014, wananchi walipeleka ombi la kuvunja kaunti. Tume iliyoongozwa na Mohammed Nyaoga ilikwenda, ikasikiliza, ikapendekeza kaunti isimamishwe. Septemba 2015 Rais Uhuru Kenyatta alikataa. Wengi walisema Makueni imekufa. Wananchi wa huko walingoja kura ya 2017, wakamrudisha gavana, na wengi wa wawakilishi wa wadi wakawapeleka nyumbani. Walitoa hukumu wenyewe, na kaunti hiyo ikaja kusifiwa kwa afya na kwa mikutano ya wananchi ya kupanga maendeleo.

Nairobi ilifuata njia nyingine. Tarehe 25 Februari 2020, katika Ikulu, gavana Mike Sonko alitia sahihi mkataba wa kukabidhi afya, uchukuzi, ujenzi na mipango ya jiji kwa serikali ya taifa, baadaye akaujutia. Aliyewekwa kuongoza alikuwa jenerali wa jeshi, Mohamed Badi. Haki itendeke: visima vilichimbwa, na hospitali kadhaa zikajengwa katika mitaa ya mabanda. Lakini hadi kazi hizo ziliporudi kwa kaunti mwaka 2022, mkazi wa Mukuru aliyekuwa na swali juu ya tenda hakuwa na kura ya kumfikia jenerali. Kisima kizuri hakijibu maswali.

Lipo jambo moja ambalo sisi wanamageuzi tulilipuuza, nami sijitoi. Tulipokuwa tukishangilia magavana mwezi Machi 2013, mabaraza ya serikali za mitaa 175 yalizimwa kimya kimya. Mji wa Kisii ulipoteza madiwani wake. Chini ya Sheria ya Miji ya 2011, manispaa huendeshwa na bodi ya watu wanaoteuliwa na gavana, pamoja na meneja wake. Wapiga kura wa mji hawamchagui hata mmoja wao. Kwa hiyo lile tunaloliogopa litoke Nairobi tayari limekaa mlangoni petu, limevaa suti ya kaunti. Gavana anayelalamika kwamba serikali kuu inamkalia ajiulize yeye ameikalia manispaa namna gani. Na utawala wa mikoa wenyewe, ambao Katiba iliagiza upangwe upya katika miaka mitano ili uheshimu ugatuzi, ulibadilishiwa majina. Kofia na fimbo zilibaki palepale.

Basi simwambii mzee wetu avumilie. Namwambia adai, na adai kwa mlango ulio karibu. Mkaguzi Mkuu anatakiwa kutoa ripoti katika miezi sita baada ya mwaka wa fedha kwisha, na Bunge la Kaunti lina miezi mitatu ya kuijadili. Je, sisi wa Mosocho tumewahi kumuuliza mwakilishi wetu alisema nini siku hiyo, au kama alikuwepo? Sheria ya Miji inataja mabaraza ya wakazi, ambamo bodi ya manispaa inaweza kuulizwa maswali ana kwa ana. Yaitishwe, na yasipoitishwa tuulize kwa maandishi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa kaunti juu ya jambo lolote lililo chini yake. Ombi halihitaji wakili wala leseni ya Mkuu wa Wilaya.

Letu litakuwa fupi. Tunataka kujua ada ya soko iliyokusanywa Mosocho kila mwezi kwa mwaka mmoja uliopita ni kiasi gani, iliwekwa akaunti ipi, na ni shilingi ngapi zilizorudi sokoni. Na majibu yabandikwe ukutani pale ambapo risiti hukatwa. Makanisa yana waandishi, yana madawati, na yana watu wanaokutana kila wiki bila kulipwa posho. Karatasi ya sahihi itakuwa tayari baada ya ibada ya Jumapili ijayo. Nafasi ya kwanza nimeiacha wazi kwa mzee.