Mkopo wa Siku 30, Ndengu za Siku 70

Leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata, ingawa mtaona hatujaenda mbali nayo. Nataka tuzungumze juu ya mikopo ya wakulima wadogo wa Kitui na Makueni, na kwa nini wengi huiogopa pale wanapoihitaji zaidi, yaani wakati wa kupanda.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya mkataba kwa kampuni moja ya kukopesha kwa simu. Sehemu yangu ilikuwa ndogo: kuandika programu ya kupanga siku ya kulipa na kutuma ujumbe wa kumkumbusha mkopaji. Hesabu yenyewe ilikuwa mstari mmoja tu: chukua tarehe ya mkopo, ongeza siku 30. Nikaijaribu, ikafanya kazi, nikalipwa, nikasahau.

Desemba ikafika, nikaenda kumwona shangazi yangu upande wa Mwingi. Mwishoni mwa Oktoba alikuwa amekopa pesa za mbegu za ndengu na za kumlipa mwenye ng'ombe wa kulima. Akanipa simu yake. "Mwanangu," akaniuliza, "huyu anayeniandikia kila asubuhi, hajui ndengu zangu bado zina maua?" Nikasoma ule ujumbe. Maneno yalikuwa yangu, mpaka ile nukta ya mwisho. Shangazi alikuwa ameshauza mbuzi wawili ili alipe deni la mazao ambayo hayajakomaa.

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu akisema wakulima hawakopi kwa sababu "hawajaelimika" au hawana intaneti, nacheka kidogo. Simu wanazo. M-Pesa imekuwepo tangu 2007, na shangazi anaijua kuliko mimi. Wengine watasema shida ni riba. Riba ni shida kweli, lakini tazama mifano miwili. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoa mkopo wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Hustler Fund ilipozinduliwa Novemba 2022, riba ilikuwa nafuu zaidi, asilimia 8 kwa mwaka mzima. Muda wa kulipa je? Siku 14. Mkopo wa namna hiyo unamfaa muuza mboga sokoni, anayenunua asubuhi na kuuza jioni. Mwenye shamba hata ukimpa bila riba, siku 14 hazimfikishi kwenye palizi.

Sasa tazama kalenda ya Ukambani. Mvua za kutegemewa zaidi ni zile za Oktoba hadi Desemba. Ndengu, ambazo ndizo zao la haraka, huchukua miezi miwili na zaidi. Mbaazi za kienyeji hupandwa mvua hizo hizo na kuvunwa katikati ya mwaka unaofuata. Mwembe wa kupandikizwa kule Makueni hukuweka karibu miaka mitatu kabla hujaona embe la kuuza. Je, mimea hii mitatu inaweza kulipa kwa tarehe moja? Hata mtoto wa shule atakwambia haiwezekani. Lakini programu yangu ilisema inawezekana.

Basi mkulima aende benki akachukue mkopo mrefu? Huko ataulizwa hatimiliki, na mashamba mengi bado yana jina la babu aliyefariki zamani. Mama anayelima kila siku ndiye mara nyingi hana karatasi yoyote. Sheria ya 2017 inaruhusu mali inayohamishika, kama mifugo na mazao, kuwekwa dhamana, lakini ukiwa na mbuzi wanane sijui ni karani gani atakayekupa kiti.

Niwe mkweli pia kwa upande wa mkopeshaji. Nilipomweleza meneja wetu haya, alinijibu hivi: mvua ikikosekana haimkosi mkulima mmoja, inawakosa wote kwa siku moja. Hapo alikuwa na haki. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, Pembe ya Afrika ilipata misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Hakuna daftari la mikopo linaloweza kubeba hilo bila bima.

Lakini bima inawezekana. Mwaka 2009 Kenya ilianza mpango wa Kilimo Salama, ambapo vituo vya hali ya hewa vilipima mvua na malipo yakapitia kwenye simu, bila mtu kuja kukagua shamba. Tena tuna sheria ya stakabadhi ghalani ya 2019: mkulima anahifadhi mazao, anapewa stakabadhi, na anaweza kuikopea badala ya kumuuzia dalali wakati bei iko chini. Vipande vipo. Havijaunganishwa tu.

Maoni yangu ni haya. Sisi tunaoandika hizi programu tuache kujificha nyuma ya wenye pesa. Siku ya kulipa ifuate zao na msimu, isiwe namba moja kwa wote. Ujumbe wa kudai usitumwe kabla ya mavuno. Gharama ya bima ya mvua iingizwe ndani ya mkopo na ionekane wazi. Pesa zitalala muda mrefu zaidi, na bei ya mkopo itabidi ihesabu hilo. Lakini shangazi angelipa riba ya miezi mitatu na bado abaki na mbuzi wake.

Siku hizi anakopa kwenye chama cha kina mama kijijini, wale wale wanaosaidiana kwa mwethya kuchimba matuta. Pesa ni kidogo, haziwezi kununua pampu ya maji wala tangi. Lakini wanamngojea mpaka avune. Wana daftari la shilingi hamsini, na daftari hilo limeshinda programu yangu.

Wewe umewahi kukopa kwa ajili ya shamba? Ilikuwaje? Niandikie hapo chini, hasa kama uko Kitui au Makueni.