Usiniulize Nauza Bei Gani

Muhula uliopita, katika kipindi cha mazungumzo, Mwalimu alizungusha darasa zima swali moja: "Uraibu wako ni nini?" Wenzangu walijibu kutazama filamu, kusikiliza muziki, kutembea na marafiki. Zamu yangu ilipofika nikasema kwamba uraibu wangu ni kutengeneza shanga za karatasi. Darasa likachangamka. Mmoja akauliza, "Unaziuza wapi?" Mwingine akadakia, "Mkufu mmoja ni bei gani?" Nikajibu kwamba siuzi. Kukawa kimya kidogo, kisha Mwalimu mwenyewe, kwa nia njema kabisa, akasema, "Basi una mtaji mkononi na hujui."

Niliketi kama mtu aliyekosea sarufi. Insha hii ni jibu nililoshindwa kulitoa siku ile. Hoja yangu ni moja tu: maskini naye ana haki ya kutengeneza kitu kizuri kisichouzwa. Nasema maskini kwa makusudi. Tajiri akichora picha Jumapili jioni, tunasema anapumzika. Mtoto wa mkulima akikunja karatasi chumbani kwake, anaambiwa atafute soko.

Hata neno lenyewe linatusaliti. Katika insha za shuleni, hasa kwa jirani zetu wa Kenya, uraibu ni jambo unalolipenda: kuogelea, kusoma, kulima maua. Ukifungua gazeti la Kiswahili, uraibu ni wa dawa za kulevya au wa kamari. Neno moja linabeba mapenzi na maradhi. Nadhani ndivyo tunavyofikiri: jambo unalolifanya bila malipo, na ukalirudia kila siku, lazima lina kasoro fulani.

Nianze na uongo wa kwanza, kwamba mambo haya ya ubunifu yanahitaji pesa. Shanga ya karatasi inatengenezwa hivi. Unakata karatasi iwe pembetatu ndefu na nyembamba, kitako chake kiwe na upana wa kidole na ncha yake iwe kali. Unaanzia kwenye kitako, unaiviringisha juu ya kijiti cha meno, ukikaza na kuangalia isiende upande. Ukifika kwenye ncha unapaka tone la gundi, unachomoa kijiti, basi. Umepata shanga iliyonenepa katikati na kusinyaa pembeni. Ukitaka iliyonyooka kama bomba, kata utepe badala ya pembetatu. Zikikauka unazipaka vanishi ili zing'ae na zisiharibiwe upesi na jasho.

Hesabu gharama yake. Karatasi ni bure: kalenda ya mwaka uliopita, jarida lililochanika, karatasi za mitihani zilizokwisha kazi. Chupa ndogo ya gundi ninayoinunua kwa shilingi 2,000 inanitosha muhula mzima. Vanishi tunachangiana watu watatu bwenini. Anayependa kuchora ana makaa ya jikoni. Anayependa kufuma ana uzi wa fulana kuukuu. Mdogo wangu hutengeneza mpira kwa majani makavu ya migomba, akaufunga kwa kamba za migomba hiyohiyo, na mpira huo hudunda. Kwa hiyo tusisingizie mfuko. Kinachotuzuia ni aibu ya kuonekana tunacheza.

Mimi nilijifunza shanga wakati ambapo hapakuwa na cha kuuza wala wa kumuuzia. Machi 2020 shule za Uganda zilifungwa kwa sababu ya korona, na hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Kulikuwa na vipindi vya kurudi kwa baadhi ya madarasa, lakini kwa wengi wetu ilikuwa karibu miaka miwili ya kukaa nyumbani. Nilikuwa kidato cha tatu. Tulikuwa watoto wanne na redio moja, na masomo ya redioni yalikwisha pale betri zilipokwisha. Nyumba ilianza kutubana. Tuligombana kwa ajili ya kiti, kwa ajili ya kijiko, kwa ajili ya nani amemtazama nani.

Siku moja dada wa jirani alituonyesha namna ya kuviringisha karatasi. Tulianza na kalenda ya kanisa, tukamaliza. Tukahamia kwenye madaftari yangu ya zamani. Karatasi yenye maandishi hutoa shanga ya kijivu yenye madoa meusi, na ukitazama kwa karibu unaweza kusoma herufi moja moja. Ninayo bado moja iliyotoka kwenye daftari la kemia. Inasomeka "Na", yaani sodiamu. Mdogo wangu wa mwisho, aliyekuwa hawezi kutulia dakika tano, alikaa saa nzima akiikaza shanga moja, akaifungua, akaianza upya. Hakuna aliyempa alama. Hakuna aliyemwambia ameshika nafasi ya ngapi. Sisemi kwamba shanga zilituokoa na korona. Nasema zilituokoa sisi kwa sisi.

Sasa nije kwenye uongo wa pili, ambao ni mkubwa zaidi: kwamba kipaji kisichogeuzwa kuwa pesa kimepotea. Uongo huu tunahubiriwa kwenye semina za ujasiriamali na mitandaoni, na sasa tunahubiriana wenyewe. Nitaujibu kwa habari ya mama yangu.

Kwetu ni Mpigi. Mama alikuwa msusi wa mikeka. Kwa Kiganda tunauita omukeka, na nilipoanza kusoma Kiswahili nilifurahi kukuta neno lilelile likinisubiri. Baadaye nikajifunza pia kwamba ule mkanda mrefu anaousuka kwanza, kabla ya kuushona mkanda kwa mkanda mpaka mkeka ukamilike, una jina: ukili. Mikono yangu ilikuwa imekwisha kuujua ukili miaka mingi kabla ya kukutana na neno lake kamusini. Mama alisuka jioni, baada ya shamba, akizungumza. Hakuna mkeka uliofanana na mwingine. Wa harusi ya shangazi ulikuwa na zambarau nyingi kwa sababu shangazi alipenda zambarau. Mkeka wangu una mstari mmoja wa kijani uliokatika katikati, kwa kuwa rangi iliisha na Mama akasema, "Na uwe hivyo, nawe huishi kugeuka njiani."

Nilipokuwa darasa la sita alikuja mnunuzi kutoka mjini. Alikusanya akina mama wa kijiji, akaisifu mikeka yao, kisha akawapa kipimo kimoja, rangi mbili na idadi ya kila mwezi. Mwanzoni ilikuwa sherehe. Fedha zile zilinilipia karo ya darasa la saba, nami sitazitukana. Lakini mazungumzo ya jioni yalikwisha. Mama alisuka mpaka usiku kwa taa, mgongo ukimuuma, akihesabu. Mkeka wenye mstari uliokatika ulirudishwa. Bei ikashuka, idadi ikapanda. Mwaka wa pili mnunuzi akaacha kuja, bila kuaga. Mikeka iliyobaki ilijaa stoo, ikawa makazi ya panya.

Mnunuzi alipoondoka, Mama hakurudi kwenye kusuka kwake kwa zamani. Aliacha kabisa. Wakati wa korona, sisi watoto tukiviringisha karatasi barazani, yeye alikaa nasi mikono ikiwa mapajani. Nilimuuliza kwa nini hasuki. Akasema, "Nimsukie nani?" Swali hilo hakuwa nalo kabla ya mnunuzi. Biashara ilipokuja ilimkuta na jambo analolipenda, na ilipoondoka iliondoka nalo.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa kwamba kupenda bila kuuza ni anasa na kwamba njaa haina uraibu. Wengine watanitupia methali yetu: kazi mbaya si mchezo mwema.

Nijibu taratibu. Sipingi biashara ya kazi za mikono. Hapa Kampala, katika mtaa wa Acholi Quarter karibu na Kireka, wanawake waliokimbia vita vya kaskazini waliponda mawe machimboni ili walishe watoto wao. Shanga za karatasi, hizihizi ninazozisema, ziliwapa wengi wao njia nyingine ya kupata riziki. Mimi si mjinga wa kwenda kumwambia mama kama huyo aache kuuza. Kwake shanga ni kazi, na kazi ina heshima yake. Lakini ikiwa ni kazi, basi tuiite kazi, tuilipe kama kazi, tuipangie saa zake kama kazi. Tusimwambie mtu anacheza ili tumlipe kidogo. Wala tusimwambie mtu anayecheza kwamba kumbe yuko kazini.

Na ile methali? Inafaa kwa mvivu, wala sikatai. Ila sisi wanafunzi wa leo hatuna uvivu wa aina hiyo. Tunasoma mchana, jioni tunauza vocha, tunapiga chapa kazi za wenzetu, tunasafirisha vitu kwa boda boda. Saa moja iliyobaki kabla ya kulala nayo ikigeuzwa biashara, itabaki saa gani ya kuwa mtu? Methali zetu zilitungwa na watu waliocheza bao chini ya mwembe bila kuulizana faida.

Kuna jambo jingine ambalo kitu cha kuuza hakiwezi kukupa, nalo ni ruhusa ya kukosea. Anayeuza hawezi kujaribu rangi ambayo mteja hakuiagiza. Mimi nimetengeneza shanga mbovu zisizo na idadi: zilizolegea, zilizopinda, zilizoloa gundi zikawa kama uji. Kila moja ilinifundisha kitu, na hakuna iliyonitia hasara. Mahali pengine ninapoweza kushindwa bure namna hiyo sipajui. Darasani nikikosea napoteza alama. Sokoni nikikosea napoteza fedha.

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi wa Idara ya Kiswahili, wanafunzi na wahadhiri pamoja. Lugha yetu ina kitenzi kimoja kwa kazi mbili. Shanga hutungwa, na shairi hutungwa. Waliotuachia lugha hii waliona kwamba kuingiza shanga katika uzi na kuingiza neno katika mshororo ni tendo la mkono uleule. Sasa nawauliza wenzangu: mara ya mwisho kutunga shairi ambalo halikusahihishwa ilikuwa lini? Tunajua vina, tunajua mizani, tunaweza kuchambua tarbia usingizini. Lakini kalamu zetu hazisogei mpaka kuwe na alama 30 za jaribio. Mnunuzi wetu ni mtihani. Ametupa kipimo kimoja na rangi mbili, na siku tutakayohitimu ataacha kuja. Je, tutaendelea kutunga, au tutakaa mikono mapajani tukiuliza, "Nimtungie nani?"

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kwa wahadhiri wetu: mwanafunzi akikwambia anafuma, anachora, anafinyanga au anatunga, muulize kwanza anafanyaje. Muulize amejifunza kwa nani, ni wapi panapomshinda. Bei iache mwenyewe aitaje akitaka. Tena katika muhula mmoja mtupe walau kazi moja ya kutunga isiyopewa alama, tusomeane tu. Kwa wanafunzi wenzangu: mwisho wa juma hili chukua karatasi za mtihani ule uliokuliza, zikate pembetatu, uziviringishe. Shanga kumi za kwanza zitakuwa mbaya. Zitunge hivyohivyo.

Likizo iliyopita nilimwomba Mama anifundishe kusuka mkeka tangu mwanzo, kuanzia kuchana ukindu na kuupaka rangi. Alinitazama, akauliza, "Umepata mnunuzi?"

Swali lile lile la darasani, sasa likitoka kwa mama yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Hapana, Mama. Ni wa kulalia." Hakusema kitu. Jioni nilimkuta stoo akihamisha mikeka ya mnunuzi, akitafuta sindano yake ndefu. Alipoipata aliifuta kwa ncha ya gomesi, akaketi barazani, akanipa ukindu nianze. Ukili wangu ulipinda kabla haujafika shubiri moja. Nilitaka kuufumua.

"Uache," akasema. "Endelea."