Sili Ngano, na Si Maringo

Katika chama chetu cha Kiswahili kuna imani moja ambayo haijaandikwa kwenye katiba lakini inafuatwa kuliko katiba yenyewe: kwamba Mswahili ni mtu anayekula chapati. Tukiwakaribisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, chapati. Tukiadhimisha Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai, chapati, mandazi na sambusa, na kanga zimetandikwa mezani ili pwani ionekane imefika Kampala. Anayekaa pembeni na chupa ya maji anaulizwa kama amefunga, au kama anajiona.

Mimi sili ngano. Nina ugonjwa wa siliaki. Ninaandika ili kubishana na watu ambao wengi wao ni rafiki zangu, na ninaandika kwa Kiswahili kwa sababu mabishano yenyewe huwa tunayafanya kwa Kiswahili, tukiwa na sahani mkononi.

Kwanza niueleze ugonjwa wenyewe, maana nimechoka kuueleza mlangoni mwa jiko. Ndani ya ngano, shayiri na rai kuna protini inayoitwa gluteni. Kwa mtu mwenye siliaki, gluteni ikiingia tumboni kinga ya mwili huigeukia nyumba yake yenyewe na kuushambulia utumbo mwembamba. Vile vijidole vidogo vya ndani ya utumbo vinavyofyonza chakula hulala, mwishowe vikatoweka. Mtu anakula lakini mwili haupati. Damu inapungua, tumbo linajaa na kuharisha, mifupa inadhoofika, mtoto anadumaa. Hakuna kidonge wala sindano ya kuuponya. Tiba ni moja tu, kuacha gluteni maisha yote, na kuiacha kabisa. Viwango vya kimataifa vya chakula vinaruhusu bidhaa kuitwa haina gluteni ikiwa gluteni yake haizidi miligramu 20 katika kilo nzima. Kwa hiyo ndugu yangu anayeniambia "onja kidogo tu, kidogo hakiui", ajue kwamba hicho kipande chake cha chapati kimeshavuka mpaka kabla hakijafika mdomoni.

Wapo wanaosema huu ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba nimeuokota kwenye simu. Hoja hii huniudhi kuliko zote kwa sababu husemwa na watu wasomi. Mwaka 1999 madaktari waliandika juu ya watoto wa Wasaharawi, watu wa Sahara Magharibi wanaoishi katika kambi za wakimbizi nchini Algeria. Zaidi ya watoto 5 katika kila 100 waliopimwa walikuwa na siliaki, wakati duniani kwa jumla hukadiriwa kuwa mtu 1 katika 100. Hao Wasaharawi ni Waafrika, wanalala kwenye mahema, na mkate wa ngano ndio chakula chao cha kila siku. Kweli, aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo yenye kosa alikuwa Mholanzi, daktari wa watoto Willem Dicke. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 mkate ulipokuwa haupatikani, watoto wake wagonjwa walipata nafuu. Mkate uliporudi, wakarudia kuugua. Lakini aliyegundua chanzo cha ugonjwa hakuwa na hati ya kuumiliki. Kwetu mtu akipungukiwa damu anatibiwa malaria, akiendelea anapewa dawa ya minyoo, akiendelea tena anaambiwa ana vidonda vya tumbo apunguze pilipili. Nilipita njia hiyo yote katika zahanati moja ya mji mdogo kabla mtu hajafikiria kupima kingamwili kwenye damu yangu. Tusichokipima tusiseme hatuna.

Nimezaliwa Kabale, kwenye baridi na viazi mviringo. Nyumbani kuepuka ngano si kazi. Asubuhi kuna obushera wa mtama, mchana viazi na maharagwe, jioni uji mzito wa wimbi na mboga za majani. Mkate ni kitu cha wageni na cha Krismasi. Mama alipoelezwa ugonjwa wangu alitoa pakiti moja ya unga kwenye kabati akampa jirani, na mambo yakaisha. Shida ilianza nilipohamia Kampala kusoma, na shida yenyewe haikuwa kukosa chakula. Matoke yapo, muhogo upo, posho ipo mpaka inachosha, wali upo. Kampala hakuna atakayekufa njaa kwa kuacha ngano.

Shida ni majirani wa chakula. Muhogo wa kukaanga ni muhogo mtupu, lakini angalia mafuta yake: asubuhi yalikaanga mandazi, saa nne sambusa, sasa zamu ya muhogo. Mayai ni mayai, lakini kikaango kile kile kimetoka kuchoma chapati arobaini za rolex, na unga uliobaki umekauka pembeni kama chokaa. Mchuzi wa nyama umekolezwa kwa kijiko cha unga wa ngano ili uonekane mzito. Unga wa uji unaouzwa kama wimbi umesagwa kwa mchanganyiko ambao muuzaji mwenyewe hakumbuki wote. Kuku amevingirishwa kwenye unga kabla ya kutiwa kwenye mafuta ya chipsi. Halafu kuna lugha. Nilimuuliza kijana mmoja wa kibandani Wandegeya kama ameweka ngano, akaniapia: "Dada, sisi hatuweki ngano, tunaweka unga." Wala hakunidanganya. Kwake ngano ni mmea fulani wa kwenye vitabu vya shule. Kinachotoka kwenye mfuko ni unga tu, basi. Tangu siku hiyo siulizi kama kuna ngano. Nauliza, "Unga huu ndio ule wa chapati?" Hapo napata jibu la kweli.

Tarehe 1 Mei 2022, bei ya mkate ilipopanda kwa sababu ya vita vya Ukraine, Rais Museveni aliwaambia wananchi kwamba asiyepata mkate ale muhogo. Watu walicheka sana, na wengine walikasirika. Upande mmoja ulimwona kama mtu asiyejua shida za mjini, upande mwingine ukampigia makofi kama mzalendo wa mazao yetu. Mimi nasema pande zote mbili zilikosea mahali pamoja: ziliuchukulia muhogo kuwa chakula cha kurudi nyuma, kitu unachokula ukishindwa. Kwangu muhogo ndio chakula chenyewe. Na mzalendo anayenipigia makofi kwa kula muhogo hajanisaidia kitu kama ameukaanga kwenye mafuta ya mandazi.

Kuna na wale wanaonihurumia kwa njia ya duka. Wananielekeza kwenye maduka makubwa ya kujihudumia ambako kuna rafu nzima ya vyakula vilivyoandikwa kwamba havina gluteni: mikate iliyosafirishwa kwa meli, tambi, biskuti. Nimekwenda. Mfuko mmoja mdogo wa unga unagharimu chakula changu cha siku kadhaa, na ukisoma nyuma yake unakuta umetengenezwa kwa mchele, mahindi na wanga wa muhogo. Yaani muhogo umepanda ndege, umevaa karatasi inayong'aa, umerudi kwetu kama mgeni wa heshima. Sina ugomvi na wenye uwezo wa kuununua. Ugomvi wangu ni na lile wazo kwamba ugonjwa huu unatibiwa kwenye rafu ile, kwa sababu wazo hilo ndilo linalowafanya wenzangu waseme ni ugonjwa wa matajiri. Mtama, wimbi, mahindi, mchele, matoke, magimbi, viazi vitamu, kunde, njugu: vyote hivi havina gluteni tangu Mungu aviumbe, na hakuna aliyevibandika karatasi.

Sasa nije kwenye hoja ninayoitegemea zaidi. Jamii zetu zinajua kabisa jinsi ya kuishi na mtu asiyekula kitu fulani. Zimejua kwa karne nyingi. Kila Muganda ana omuziro wake, kile kiumbe ambacho ukoo wake hauli. Mtu wa ukoo wa Nsenene hali senene. Fikirini Kampala mwezi wa Novemba, senene wanauzwa kila kona, harufu yake ya vitunguu imejaa mabasini, kila mtu anatafuna. Na mtu wa ukoo huo amekaa katikati yao hali. Je, umewahi kumsikia mtu akimwambia, "Onja mmoja tu, ukoo wako hautajua"? Je, umewahi kusikia akiitwa mwenye maringo? Mwanafunzi Mwislamu akiuliza nani amechinja, anajibiwa kwa adabu. Msabato akikataa nguruwe, anatengewa kipande cha kuku, tena kikubwa. Heshima hii naipenda na sitaki ipungue hata chembe. Nauliza tu kwa nini inakoma mlangoni mwa hospitali. Mwiko wa babu unaheshimiwa, mwiko wa imani unaheshimiwa, mwiko wa utumbo unachekwa.

Na sisi wanafunzi wa lugha tuna aibu zaidi, maana neno tunalo. Kiswahili kinasema mzio. Wahadhiri wetu wametufundisha kwamba siku hizi neno hili latumika hospitalini kwa mwili unaokataa kitu, lakini maana yake ya zamani ni kitu ambacho mtu hujizuia nacho kwa sababu kinamdhuru au ni mwiko kwake. Wekeni mzio karibu na omuziro wa Kiganda, mtamke polepole, sikio lenyewe litasikia undugu. Najua daktari atanisahihisha kwamba siliaki si mzio kwa maana yake kali ya kitabibu, ni kinga inayojishambulia. Sawa. Lakini mezani sihitaji neno la maabara. Nahitaji neno ambalo mpishi akilisikia ataweka mwiko chini asikilize. Nikisema "nina siliaki", watu hunikodolea macho. Nikisema "ngano ni mzio wangu, kama senene kwa watu wa Nsenene", hata mzee wa bwenini alielewa, na tangu hapo ananiulizia habari zangu kila nikipita.

Kwa njia hiyo ndivyo nilivyopata watu. Mama mmoja wa soko la Kalerwe anayeuza mihogo ya kuchemsha, si ya kukaanga, alinisikiliza mara moja akasema mwanawe naye ana kitu asichokila. Ananifungia changu kwenye jani la mgomba kabla hajagusa kitu kingine. Bwenini tuko wanne tunaopika pamoja Jumapili. Mmoja ana ugonjwa kama wangu, mmoja ana kisukari, wa tatu anatoka Bujumbura na hataki kusikia ugali mwingine zaidi ya ule wa muhogo, nami. Tuna sufuria moja yenye uzi mwekundu kwenye mshikio. Sufuria hiyo haijawahi kuona ngano, na anayeiazima kwa chapati anajua tutagombana. Nimeshasikia wenzetu wakiita kikundi chetu "hospitali". Waite. Hospitali hii inashiba.

Narudi chamani, kwa sababu huko ndiko ninakotaka mabadiliko. Nani alitwambia kwamba ngano ndiyo Uswahili? Ngano inapenda baridi ya nyanda za juu. Huku kwetu hulimwa Kapchorwa, Kenya hulimwa Narok na Uasin Gishu. Haioti kwenye mchanga wa Lamu wala Pemba. Chapati ilifika pwani kutoka Bara Hindi, na imekaribishwa vizuri, siikatai uraia wake. Lakini pwani hiyo hiyo ina wali wa nazi, ina muhogo wa nazi, ina samaki wa kupaka, ina mbaazi za nazi, ina bhajia za kunde, ina vitumbua vya mchele na mkate wa kumimina, ambao unaitwa mkate na hauna ngano ndani yake. Mwanafunzi wa Kiswahili wa Kampala, Kigali au Bujumbura anayemaliza miaka mitatu akidhani chakula cha Waswahili ni chapati, sambusa na mandazi, amesoma ukurasa mmoja wa kitabu akaenda kufanya mtihani.

Siombi chapati ziondolewe. Wapo wanaozipenda, na mikono inayozisukuma ni ya rafiki zangu. Ninachodai ni hiki. Sherehe ijayo pawe na sufuria ya wali wa nazi na sufuria ya mbaazi, na vitumbua viagizwe kwa mtu anayeloweka na kusaga mchele wake mwenyewe, maana wauzaji wengine huchanganya unga wa ngano ili vishikamane. Meza yake iwe mbali na ya chapati, na kijiko chake kisivuke. Mafuta ya bhajia yawe mapya, yasiwe ya sambusa. Na kwenye tangazo la mwaliko paandikwe mstari mmoja unaouliza kila mgeni ana mzio gani, kama tunavyouliza atakuja na watu wangapi. Nimepiga hesabu na mweka hazina: mchele, nazi na mbaazi vya watu sitini havizidi bei ya unga, mafuta na nyama ya sambusa tulivyonunua mara ya mwisho. Karatasi ya hesabu hiyo anayo, na mkutano wa kupitisha bajeti ni wiki ijayo.